Deni la Gesi Lililotuandama

Nyumba Na. 27,
Mtaa wa Hargreave,
Nelson, Lancashire,
Uingereza.
23 Machi, 2025.

Mpendwa Shangazi Mavis,

Pokea salamu zetu sote, mimi na kaka yako, kutoka kwenye mvua ile ile uliyoikimbia ulipopanda meli kwenda New Zealand. U hali gani? Goti jipya linaendeleaje? Binamu Heather aliniandikia kwamba hujamaliza hata wiki tangu upasuliwe, na tayari unagombana na wauguzi kuhusu fimbo ya kutembelea. Nilifurahi sana kusikia. Ukimwona mtu wa ukoo wetu anagombana na wauguzi, ujue anapona.

Sisi huku ni wazima. Kifua cha Baba kimetulia, anakula, na usingizi anaupata. Ninavyoandika hivi amekaa karibu na kipasha joto, amekunja mikono ya shati, anasoma gazeti na kulikosoa. Ameniambia nikuandikie mimi kwa sababu mkono wake unatetemeka. Mkono wake hautetemeki hata kidogo, Shangazi. Kuna neno moja tu hataki kuliandika kwa mkono wake, nalo ni deni.

Mimi nitaliandika bila haya, kwa kuwa tumeshinda. Nakuomba radhi mapema kwa majivuno utakayoyakuta humu. Tangu timu ya Baba iliponusurika kushushwa daraja sijawahi kuona nyumba hii ikiwa na furaha namna hii.

Mambo yalianza mwaka jana, wakati wa kiangazi. Kampuni yetu ya gesi ya siku zote ilipita mtaa mzima ikibadilisha dira, vile visanduku vya kuhesabu gesi vilivyo kwenye kabati dogo kando ya mlango wa mbele. Yetu ilikuwa ile ya tangu enzi zako, yenye kioo kilichopasuka. Wakaing'oa, wakaweka mpya, wakaenda zao, na hatukuwa na neno nao.

Mwezi Septemba nikamshawishi Baba tuhamie kampuni nyingine iliyokuwa na bei nafuu. Huku siku hizi watu huhama kampuni ya gesi kama wanavyohama foleni dukani. Bomba ni lile lile, gesi ni ile ile, anayebadilika ni yule anayekutoza tu. Jina la hiyo kampuni mpya silitaji humu. Karatasi hii nimeinunua kwa pesa yangu, na sitaki kuichafua.

Novemba ikaja barua. Baba aliisoma akiwa wima, akaikunja, akaitia nyuma ya saa ya mezani. Desemba ikaja ya pili, nami nikaifungua kabla hajaiona. Walisema tunadaiwa karibu pauni elfu moja za gesi, na kila mwezi tunaolipa kiasi tulichokubaliana deni linazidi kupanda. Hawakusema limetoka wapi. Nikapiga simu kampuni ya zamani, wakaniambia tuliondoka kwao safi, hatudaiwi hata senti. Nikapiga kwa hawa wapya, wakaniambia kompyuta inaonyesha tunadaiwa.

Basi nikawa mtu wa kusikiliza muziki wa simu. Kila nikipiga napokewa na mtu mpya, namsimulia upya, ananipa pole, ananirudisha kwenye muziki. Mmoja alinishauri niangalie kama tunaacha madirisha wazi. Shangazi, ilikuwa Januari, na ilikuwa Nelson. Nilimjibu maneno ambayo Mama angeniosha mdomo kwa sabuni.

Lakini kilichoniumiza si simu. Kilichoniumiza ni Baba. Unamjua kaka yako. Kiwanda cha nguo kilipofungwa aliuza njiwa wake wote wa mashindano ili alipe makaa, hakumkopa mtu hata kiberiti. Maisha yake yote jambo alilojivunia ni moja tu, kwamba hakuna mlango katika mji huu anaopita akiuinamia. Sasa akawa anaamka kabla ya tarishi kupita, apate kuzidaka barua. Akazima joto la nyumba. Akawa anakaa sebuleni na koti zito na kofia ya sufu, anakohoa, na nikiwasha joto anangoja niende kazini ndipo alizime tena.

Hiyo ndiyo sababu ya ile Krismasi, Shangazi. Alipokwambia kamera ya simu imeharibika, ilikuwa nzima kabisa. Hakutaka umwone amevaa kofia ndani ya nyumba, pumzi inamtoka kama moshi wa birika. Heather aliniambia kwamba ulilia, ukadhani kaka yako amekuchoka. Hakukuchoka. Aliona aibu, na hajui kuona aibu kwa namna nyingine isipokuwa kujificha. Nakuomba umsamehe, na usimwambie kwamba nimekuomba.

Mwishoni mwa Januari ikaja barua nyingine. Alhamisi ya wiki iliyofuata angekuja mtu wao wa madeni kuzungumza nasi kuhusu kutuwekea dira ya kulipia kabla, ile ambayo usipoweka pesa gesi inakatika. Baba alipoisoma hiyo aliingia chumbani, akatoka amevaa tai, na mkononi ameshika kitabu chake cha akiba.

Ile akiba unaijua. Ni pesa ya mazishi yake, anayoiweka kidogo kidogo tangu akiwa kijana kiwandani, ili siku yake ikifika alale kando ya Mama katika jeneza la heshima, na waombolezaji wapewe chai na nyama nzuri ya nguruwe iliyokatwa nene. Sisi watu wa huku tukitaka kumsema marehemu vibaya tunasema alizikwa na mkate mtupu. Sasa alitaka kuitoa yote awalipe wale watu. Nikasimama mlangoni.

"Toka hapo, Lorraine. Benki inafunga."

"Sitoki. Hiyo pesa si ya gesi."

"Ni pesa yangu."

"Ni pesa ya kukuzika wewe. Sasa tukuzike na nini, na stakabadhi?"

"Mtu akifa anadaiwa," akasema, "hata umzike na dhahabu, watu watasema wamezika deni. Nipishe."

Sikumpisha. Nililia, Shangazi, na yeye machozi yalimlengalenga, ila alisingizia mafua. Tulibishana hapo mlangoni mpaka saa ya benki ikapita. Huo ndio ulikuwa ushindi wangu wa kwanza, nami niliupata kwa unene wangu tu.

Jioni ile mlango ukagongwa. Alikuwa Nasreen, jirani yetu wa namba 29, yule ambaye familia yake ilinunua nyumba ya akina Pickles. Ukuta wetu na wao ni mmoja. Alikuja na sufuria ya dengu za moto kwa sababu, kwa maneno yake, ukuta wa chumba cha mama mkwe wake umekuwa wa baridi tangu Desemba, na kikohozi cha Baba wanakisikia kama wamekaa naye meza moja. Alipoingia akasimama katikati ya sebule, akaitazama pumzi yake mwenyewe.

"Mzee Wilf, boila ya joto imekufa?"

"Ni nzima. Napenda baridi."

"Hakuna mtu anayependa baridi. Mnalipa ngapi ya gesi kwa mwezi?"

Baba akapaliwa na chai. Unajua desturi zetu. Baba anaweza kukusimulia tumbo lake lilivyomsumbua hadi ukakosa hamu ya kula, lakini kumtajia jirani analipa ngapi, bora avuliwe suruali sokoni. Kwa akina Nasreen hakuna siri ya bei. Wanaulizana bei ya nyumba, ya viatu, ya meno ya bandia, na hakuna anayekasirika. Mimi nikamtazama Baba, nikakitazama kitabu cha akiba kilichokuwa bado mezani, nikaona wahenga hawakukosea waliposema mficha uchi hazai. Nikataja kiasi. Nikataja na deni lenyewe.

Dari haikutuangukia. Nasreen ndiye aliyeweka sufuria chini.

"Lorraine, sisi tuko sita mle ndani. Mama mkwe anawasha joto, halafu anafungua dirisha kwa sababu ya joto. Watoto wanaoga kama samaki. Na hatufiki hata nusu ya hiyo. Nyinyi mko wawili tu, mnafanya nini, mnalipasha joto na kanisa?"

Akarudi kwake kuchukua bili yake, wao walibaki na ile kampuni ya zamani. Tukaiweka kando ya bili yetu juu ya meza, vichwa vitatu vimeinama. Hapo ndipo nilipoona jambo la ajabu. Hesabu ya dira yetu kwa mwezi ilikuwa ndogo kuliko yao, kama inavyopasa, ila sisi pesa ilikuwa zaidi ya mara mbili yao. Nikafuata mstari kwa kidole kutoka hesabu hadi bei. Katikati, pa Nasreen pameandikwa mita za ujazo. Petu pameandikwa futi.

Tukachukua tochi, tukatoka nje kwenye mvua, tukafungua makabati yote mawili. Dira zilikuwa pacha, zimefungwa wiki moja na fundi mmoja. Yao inahesabu mita za ujazo. Yetu nayo inahesabu mita za ujazo, imeandikwa wazi kwenye uso wake. Ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka ndiyo iliyokuwa ya futi. Kampuni mpya ilirithi kumbukumbu za dira iliyokwisha kutupwa, na haikuuliza mtu.

Ngoja nikueleze kama Nasreen alivyonieleza mimi, maana hesabu na mimi hatujapata kupatana. Dira ya futi huhesabu kwa kipimo kikubwa, kila tarakimu ni futi za ujazo mia moja. Dira ya mita huhesabu kwa kipimo kidogo, na vitatu vyake pungufu kidogo ndivyo vinavyojaza kile kikubwa. Ni sawa na muuza mchele akupimie kibaba kisha akuandikie pishi. Tulikuwa tunatozwa karibu mara tatu kwa kila tone la gesi, na kila tulivyojinyima, yule mwenye pishi alikuwa anangoja pale pale.

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu na mwavuli. Unakumbuka vita vyake na mita. Mpaka leo ananunua mbao kwa futi, na duka la mazulia mjini wanamwona akija wanajificha nyuma ya mazulia. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeonya tangu zamani asisikilizwe:

"Nilijua. Nilisema siku nyingi hizi mita zitatuletea balaa."

"Mzee Wilf," Nasreen akamwambia, "mita hazijakufanya kitu. Futi ndizo zinazokuibia."

Mvua ikawa inanyesha juu ya mwavuli wa Baba, naye anaitazama ile dira kama mtu aliyemfumania rafiki yake wa utotoni ametia mkono mfukoni mwake. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ni nchi gani nyingine, Shangazi, kosa hili lingetokea? Barabara tunapima kwa maili, petroli kwa lita, bia kwa painti, zulia kwa mita na mlalaji wa juu yake kwa futi. Kila mtu ana mguu mmoja huku na mwingine kule, mpaka na kompyuta.

Usiku ule joto liliwashwa, na aliyeliwasha ni Baba mwenyewe.

Asubuhi yake akapiga simu yeye, mtu asiyetaka hata kuagiza pai kwa simu. Alipokewa na kijana anayeitwa Callum. Nilikaa kando yake nikasikia yote.

"Sikiliza, kijana. Mimi nimeichukia mita tangu ilipotia mguu nchi hii. Leo naitolea ushahidi. Andika hapo kwamba dira yangu ni ya mita, si ya futi."

Callum akasema angehitaji picha. Baba akamuuliza picha ya nani. Nasreen akaja na simu yake kupiga picha, na katika ya kwanza limetokea sikio la Baba, maana alitaka kuonyesha kwa penseli mahali palipoandikwa. Ya pili ikatoka vizuri, dira na penseli. Callum akaipokea, akashukuru, akasema itachunguzwa katika muda wa wiki nane. Na yule mtu wa Alhamisi je? Huyo yuko idara nyingine, hawezi kuzuiwa.

Basi Alhamisi ikafika. Baba alinyoa, akavaa tai, akaandaa vikombe. Nje Nasreen alisimama kwenye kizingiti chake mikono ameikunja, na mama mkwe wake akatolewa kiti mlangoni na blanketi magotini, kama mashahidi wanaongoja kuitwa mahakamani. Mtu wa madeni akashuka kwenye gari. Alikuwa bonge la mtu, jina lake Bwana Ogden, amelowa na uso wake umechoka. Nadhani alizoea kufungiwa milango.

"Karibu ndani," Baba akamwambia. "Maziwa unaweka?"

Alikunywa chai, akatoa karatasi zake, akaanza kusoma yale anayowasomea watu wote. Baba akamwacha amalize. Kisha akamwomba kwa upole atoke naye hadi kabatini. Bwana Ogden akachuchumaa mbele ya dira, akatazama uso wake, akatazama karatasi, akarudi kutazama dira. Mama mkwe wa Nasreen akatumia nafasi ile kumuuliza analipwa kiasi gani kwa kazi hii. Nasreen akatafsiri bila kupunguza. Yule bwana akamjibu, Shangazi, akataja mshahara wake wote pale mtaani, na mama mkwe akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mzee," akasema alipoinuka, "hii ni ya mita."

"Ndivyo nilivyomwambia Callum."

Bwana Ogden akapiga simu ofisini kwake akiwa amesimama pale pale kwenye mvua, akawaambia hawezi kumdai mtu pesa za dira ambayo haipo. Akaandika kwenye karatasi zake, akatia sahihi. Alipokuwa anaondoka alisema mama yake yuko Burnley, naye alihama kampuni mwaka jana, afadhali ampitie sasa hivi. Kikombe cha pili alikiacha hata hakukigusa.

Lakini mambo hayakuishia hapo, na hapa ndipo nilipogombana na kaka yako kwa kweli.

Baada ya wiki kadhaa ikaja barua. Nikaifungua jikoni, nikaanza kucheza peke yangu na kitambaa cha vyombo. Walisema kwamba, kwa nia njema na kwa kuthamini wateja wao, wameamua kutusamehe deni lote. Nikamkimbilia Baba. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia.

"Wamesamehe nini?"

"Deni, Baba. Lote limefutwa."

"Deni lipi?"

Nikaikunjua tena barua, nikautafuta mstari wenyewe.

"Msamaha hupewa mwenye kosa," akasema. "Mimi nimekosa nini? Nikiipokea hii, nimekubali kwamba nilikuwa nadaiwa na watu wema wakanihurumia. Sitaki."

Nilimsihi. Nilimwambia pesa ni pesa, achukue ushindi wake, watu hawa wakikasirika watarudisha deni. Nilimwita punda mzee mbele ya picha ya Mama, na hilo najutia kidogo, si sana. Hakunisikiliza. Alichukua penseli akawaandikia mistari mitatu: kwamba hakubali kusamehewa, kwamba hakukopa, na kwamba wamwandikie hivyo. Akaipeleka posta kwa miguu yake, nami nikabaki nimeshika kichwa.

Huko posta ndiko alikoharibika kabisa. Mtu yule aliyepaliwa na chai kwa kuulizwa bei alisimama kwenye foleni akamuuliza mama aliyemtangulia analipa ngapi ya gesi, na kama amewahi kuhama kampuni. Siku ya pili akawauliza wa kwenye duka la samaki. Siku ya tatu akapita mtaani na tochi. Amepata nyumba mbili zaidi zenye kosa kama letu. Moja ni ya yule mjane Entwistle wa namba 40, uliyekuwa ukiimba naye kwaya. Alikuwa anachemsha kiazi kimoja kwa siku ili aokoe gesi, na hakumwambia mtu, kwa aibu ile ile. Sasa dira yake imesahihishwa, na Jumapili iliyopita alituletea keki iliyookwa kwa oveni yake mwenyewe. Baba alikula vipande vitatu. Nasreen yuko kwenye mfungo, kwa hiyo Baba alimfungia cha kwake kwenye karatasi akaketi akilitazama jua litue, kana kwamba anafunga yeye.

Jumatatu iliyopita ndipo jibu la kampuni lilipokuja. Safari hii liliandikwa na mtu mwenye jina, si idara. Limesema kwamba hesabu yetu ilikosewa tangu siku ya kwanza, kwamba Bwana Wilfred Tattersall hakuwahi kudaiwa kitu wakati wowote, na kwamba wao ndio wenye deni, kwa sababu kila mwezi tulilipa kupita tulichotumia. Wameomba radhi. Pesa wamezirudisha benki pamoja na kifuta jasho, na kitabu cha akiba kiko mahali pake hakijaguswa.

Baba alisoma amesimama, akasoma ameketi, akavua miwani akaifuta, akasoma tena. Nilidhani ataniambia nichemshe maji ya chai. Aliniomba koti lake jema.

Tulipanda kilima kwenda makaburini, upepo unatusukuma. Nilimshikia mwavuli huku yeye amesimama mbele ya Mama, ameishika barua kwa mikono miwili isipeperuke. Akamsomea, Shangazi. Hakuruka neno. Alisoma anwani, akasoma tarehe, akasoma wanavyoomba radhi, akasoma namba ya simu na saa zao za kufungua ofisi, akasoma hata ule mstari wa chini kabisa unaosema wenye macho mabovu wanaweza kutumiwa barua hii kwa herufi kubwa. Mimi nililia waziwazi, sikusingizia mafua. Alipomaliza aliikunja, akaitia mfuko wa ndani upande wa moyo.

"Sidaiwi, Doreen," akamwambia.

Basi, Shangazi, nisalimie binamu Heather na binamu Ross, na umbusu yule mtoto mchanga wa Ross ambaye Baba anasisitiza ana pua ya kwetu, maskini. Nasreen anakusalimu, na mama mkwe wake anauliza goti lako jipya limegharimu kiasi gani. Mjane Entwistle naye anakukumbuka sana. Mungu akutunze huko uliko, akujalie goti la kupandia vilima na nyumba yenye joto miaka yako yote.

Ni mimi wako akupendaye, mtoto wa kaka yako asiyedaiwa,

Lorraine.